Mlango wa Banda Uelekee Kaskazini

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka niliomaliza kumjengea Kaporali banda lake la kwanza, nilimkuta mbwa huyo amelala juu ya majivu. Mke wangu alikuwa ameyamwaga jioni iliyotangulia nyuma ya jiko, mahali tunapowasha mbabula, jiko letu la mkaa, kwa ajili ya bukari, yaani ugali, umeme unapokatika, na huenda yalishika joto hadi usiku wa manane. Nilipotoka saa kumi na moja alfajiri yalikuwa baridi kama ardhi iliyoyazunguka, na mbwa alikuwa amejikunja juu yake kama kata ya kubebea ndoo, pua ameificha chini ya mkia, manyoya ya tumbo yameungua kidogo upande mmoja. Hatua kumi kutoka hapo lilisimama banda lake la matofali ya kuchoma, lenye paa la bati jipya na sakafu ya saruji niliyoilainisha mwenyewe kwa mwiko. Lilikuwa tupu.

Kwanza niliona aibu, kisha nikashikwa na hasira, kwa kuwa banda lile lilikuwa limekula fedha ambazo mke wangu alizipangia kazi nyingine, na majirani walikwisha kulitania kwamba linashinda vyumba vya wapangaji wao. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba Kaporali hakuwa mkaidi. Alikuwa ameingia ndani, akalala, akalipima banda kwa mwili wake usiku kucha, akaona majivu ni afadhali.

Ndugu zangu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hucheka ninapozungumzia majira ya baridi. Kwao, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, usiku una ubaridi unaofanana mwaka mzima, na mtu hawezi kuujua mwezi kwa kugusa ukuta. Sisi wa Lubumbashi, kusini mwa nchi hiyo hiyo, tuko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi, na mwaka wetu umegawanyika waziwazi. Mvua zikishaondoka mwezi wa nne, mbingu hubaki wazi kwa miezi mingi. Mwezi wa sita na wa saba hakuna wingu la kuifunika ardhi usiku, na joto lote iliyolikusanya mchana hupanda juu na kupotea. Mchana unaweza kufikia nyuzi 25, na alfajiri ya siku hiyo hiyo ikawa imeanzia kwenye nyuzi 6 au 7. Mwanafunzi hutoka nyumbani amevaa koti na sweta, akirudi saa saba amevibeba mkononi. Mbwa hana cha kuvaa wala cha kuvua.

Nyuzi 7 si kitu kwa mbwa wa nchi za theluji, ambaye chini ya manyoya marefu ana manyoya mengine laini yaliyosongamana kama pamba. Mbwa wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi, na hata Boerboel wa Afrika Kusini, ambao siku hizi wenye uwezo wanawapenda kwa ukubwa wao wa kutisha, wana manyoya mafupi vilevile. Kwa mbwa mdogo, mzee, mgonjwa au aliyekonda, hiyo nyuzi 7 ndiyo kiwango ambacho wafugaji wengi huanza kuwa na wasiwasi nacho. Tena kuna mabonde. Hewa baridi hutiririka kuelekea chini kama maji, kwa hiyo lupango, yaani kiwanja chenye nyumba na ua wake, lililo pembeni ya dembo, bonde lenye majimaji, hupata alfajiri kali kuliko lililo juu ya mwinuko, hata kama wenye nyumba hizo mbili wanaweza kuitana kwa sauti.

Nilipoanza kuchunguza kilichomfukuza Kaporali, niligundua kwamba nilikuwa nimejenga kwa macho ya binadamu. Kosa la kwanza lilikuwa ukubwa. Banda lilikuwa na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, na nililiona kuwa ukarimu. Lakini ndani ya banda la mbwa hakuna jiko ila mbwa mwenyewe. Mwili wake una joto la nyuzi 38 hadi 39, na joto hilo ndilo linalopasha hewa iliyomzunguka. Mweke mbwa wa kilo 25 katika chumba kikubwa, naye atakuwa kama mshumaa mmoja kanisani. Kosa la pili lilikuwa sakafu, kwa sababu saruji hunyonya joto la mwili kwa kuligusa, na mbwa anapolala huigusa kwa tumbo, mapaja na kifua kwa saa nyingi mfululizo. Kosa la tatu lilikuwa bati tupu lisilo na dari, ambalo usiku hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote uani. Pumzi za mbwa zilipanda, zikaligusa, zikageuka matone, na matone yakamdondokea mgongoni. Siku ya kwanza nilipoona unyevu ule nilidhani paa linavuja, nikapanda kutafuta tundu la msumari katikati ya kiangazi kisicho na mvua.

Kosa la nne ndilo linaloniuma hadi leo, kwa kuwa nililifanya kwa makusudi baada ya kusoma. Maelekezo niliyoyafuata yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Ufaransa na Kanada, nayo yalisema mlango wa banda uelekezwe kusini ili jua la majira ya baridi liingie ndani. Huko ni kweli. Hapa kwetu, mwezi wa sita jua hupita upande wa kaskazini, na saa sita mchana kivuli cha mtu huangukia kusini. Mwanamke yeyote wa Lubumbashi anayeanika nguo mwezi wa saba anajua ni ukuta upi unaokausha na ni upi unaobaki na ubaridi hadi jioni. Isitoshe, upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Nilikuwa nimempa mbwa wangu mlango unaopata kivuli mchana kutwa na upepo usiku kucha.

Banda la matofali sasa ni ghala la makala, yaani mkaa, na linaifanya kazi hiyo vizuri sana. La pili nililijenga kwa mbao za paleti kuukuu, likiegemea ukuta wa jiko upande wa kaskazini, na kabla ya kushika msumeno nilimpima Kaporali mwenyewe akiwa amesimama, kisha akiwa amelala. Kutoka pua hadi mwanzo wa mkia alikuwa na sentimita 85. Nikakata sakafu ya sentimita 100 kwa 70, na urefu wa kwenda juu sentimita 75, yaani nafasi ya kusimama, kugeuka na kujikunja, bila ziada ya kuonyesha majirani. Mlango una upana wa sentimita 35 tu, nao hauko katikati bali pembeni, ili mbwa alale upande wa pili ambako upepo haumfikii hata ukigeuka. Kuta ni mbili mbili, na katikati yake nimejaza maboksi yaliyokunjwa pamoja na ile sponji ngumu nyeupe inayofungashiwa televisheni. Vitu hivyo ni lazima vifunikwe kwa ubao kabisa kwa ndani, kwani mbwa kijana akigundua sponji ile ataila, na ikifika tumboni inaweza kuziba utumbo. Juu kuna dari ya ubao, halafu nafasi ya vidole vinne, halafu bati lenye mteremko wa kurudi nyuma. Karibu na dari niliacha tundu dogo upande usio na upepo, maana banda lililozibwa kabisa hukusanya unyevu wa pumzi, na unyevu humtesa mbwa kuliko ubaridi wenyewe.

Sakafu imeinuliwa kwa matofali, sentimita 12 kutoka ardhini. Hapa lazima nizungumze kidogo kuhusu mchwa, kwa sababu anayejenga kwa mbao Lubumbashi bila kuwafikiria amewajengea wao. Vichuguu vinavyozunguka mji wetu, ambavyo vingine vina urefu wa nyumba na udongo wake ndio uliotengenezea matofali ya nusu ya mitaa yetu, ni ushahidi wa kutosha. Mimi hunyunyizia majivu makavu kuzunguka matofali ya chini na kuyakagua kila Jumamosi, nikibomoa njia yoyote ya udongo inayopanda. Fundi alinishauri nipake mafuta machafu ya injini kwenye miguu ya banda. Nilikataa, kwa sababu mbwa hulamba kila kitu kilicho karibu na kitanda chake, kisha hulamba nyayo zake zilizokanyaga kitu hicho. Kuna watu wanaompaka mbwa mwenyewe mafuta hayo kwa madai ya kutibu upele. Ngozi huyanyonya, ulimi huyamaliza, na mnyama hupata sumu juu ya upele.

Kuhusu matandiko nilibishana sana na mke wangu, ambaye alikuwa ametoa blanketi la zamani kwa moyo mweupe. Blanketi linafaa ndani ya nyumba. Nje hunyonya umande, mkojo na unyevu wa mbwa aliyetoka kuzurura kwenye majani, na ifikapo saa nane usiku mbwa analalia kitambaa chenye maji baridi. Nyasi kavu ni bora kuliko kitu chochote kilichouzwa dukani, kwa kuwa mbwa huchimba ndani yake, akajizika hadi mgongoni, na hewa iliyonaswa kati ya mabua hushika joto lake. Tena nyasi ni mali ya bure kwetu. Mvua zinapoisha zimesimama kila mahali kwa urefu wa mtu, na mwezi wa tano zimekwisha kugeuka rangi. Jambo la kuangalia ni kuziwahi kabla moto wa nyika haujapita, na kuzitandaza juani siku nzima huku ukizikung'uta, ili kupe na wadudu wengine wasihamie bandani. Mimi huzibadilisha kila baada ya wiki mbili, au siku hiyo hiyo zikilowa. Chini yake huweka maranda ya seremala, ya mbao ambazo hazikupakwa rangi wala dawa, lakini si vumbi la msumeno, kwa kuwa pua za mbwa wetu zimekwisha kuteswa vya kutosha na vumbi la kiangazi.

Mlangoni nilitundika gunia zito lililochanwa vipande virefu ili mbwa apite bila kulisukuma lote. Kaporali alilizoea siku ya pili. Furaha, jike tuliyempata baadaye, analiona kuwa mchezo, na sijui ni magunia mangapi amekwisha kuyararua.

Mzee mmoja jirani, ambaye naye ana mbwa wawili, alikuja kuniangalia nikipigilia misumari. Alisimama kimya kwa muda, mikono nyuma, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa ukimtandikia hivyo atakuwa mgeni. Wezi watakuja, naye atawaomba wasimwamshe." Nilimjibu kwa heshima, "Papa, lakini mbwa anayetetemeka analinda nini zaidi ya tumbo lake?" Alicheka, akaondoka. Imani yake ni ya watu wengi katika mji huu, kwamba njaa na baridi ndivyo vinavyomfanya mbwa awe mkali, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya mbwa wetu wengi kulala juu ya ardhi tupu. Si umaskini, kwa kuwa nyasi hazinunuliwi. Mimi naweza kueleza tu niliyoyaona. Kabla ya banda jipya, Kaporali alibweka hadi saa nne au saa tano za usiku, kisha akanyamaza hadi alfajiri, kwa kuwa alikuwa amejikunja mahali fulani na kila kishindo kilimlazimu kuchagua kati ya kuinuka na kuupoteza ujoto mdogo aliokwisha kuuchuma. Baada ya kuhamia kwenye nyasi, alianza kutoka saa nane, saa tisa, akazunguka lupango lote, akaubwekea ukuta wa nyuma, akarudi kulala. Wiki tatu baadaye mzee yule alimtuma mjukuu wake aje kuazima kipimo cha mbao. Mtoto aliniuliza pia, bila kujua kwamba anatoboa siri, mlango wa banda letu una upana wa sentimita ngapi.

Wenye kufunga mbwa kwa mnyororo mchana kutwa wanapaswa kufikiria jambo moja zaidi. Mbwa aliye huru hufuata jua lenyewe: saa moja asubuhi utamkuta mbele ya ukuta unaopata mwanga wa kwanza, saa nne amesogea, na adhuhuri amehamia kivulini. Ndivyo anavyourudisha mwilini ujoto wa usiku uliopotea. Aliyefungwa chini ya mwembe hana jua hadi mfunguaji arudi kutoka kazini, na akisahauliwa hadi usiku, mnyororo uliojizungusha kwenye mti unaweza kumfupishia njia hata asilifikie banda lake. Ikiwa kufunga hakuepukiki, basi mnyororo ufike juani, kivulini na ndani ya banda, na shingoni pawe na mkanda mpana wa ngozi au kitambaa, si chuma.

Chakula ni kuni za mwili, na anayelala nje mwezi wa saba huchoma kuni nyingi. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mimi huongeza robo hivi ya chakula cha kawaida, na kila Jumapili huwapitishia mbwa mkono mbavuni: zikihisika kwa wepisi chini ya ngozi lakini hazionekani kwa mbali, kiasi kinatosha. Bukari peke yake humjaza mbwa bila kumjenga, kwa hiyo tunachanganya na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, au mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, pamoja na kijiko cha mafuta ya kupikia. Mlo mkubwa tunautoa jioni. Na unga uliooza ukaota ukungu, ule ambao watu husema "hebu tumpikie mbwa", usipikiwe mbwa kamwe, kwani ukungu wa mahindi hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haifi kwa kuchemshwa na huharibu ini la mbwa upesi. Maji nayo husahaulika wakati wa baridi kwa sababu hatuoni mbwa akihema. Hewa ya kiangazi ni kavu mno, na mbwa hukwepa maji yaliyolala nje usiku kucha. Asubuhi ninapochemsha ya chai huwaongezea kidogo kwenye bakuli lao hadi yawe vuguvugu, nao huyamaliza yote.

Yupo aliyeniuliza kwa nini nisiweke mbabula karibu na banda saa za jioni, makala yakiwa yamekwisha kukolea na moshi umeondoka. Makala yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa. Yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa humlaza mtu usingizi asioamka, na katika banda dogo haihitaji muda mrefu. Ukiongeza nyasi kavu na mkia wa mbwa, utakuwa umeandaa moto. Taa ya umeme yenye waya mrefu nayo siipendi, kwa sababu Furaha hutafuna waya kama anavyotafuna magunia.

Furaha ndiye aliyenifundisha sehemu ngumu kuliko zote, maana alizaa katikati ya mwezi wa saba. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na kama ningekuwa nimehesabu tangu mwezi wa tano ningejiandaa; sikuhesabu. Watoto wa mbwa katika wiki za kwanza hawawezi kutetemeka wala kujitengenezea joto la kutosha. Wanategemea mwili wa mama na mahali walipolala, na katika wiki ya kwanza mahali hapo panapaswa kuwa na nyuzi kati ya 29 na 32, kiwango ambacho hakuna banda la Lubumbashi linaloweza kukifikia alfajiri kwa nyasi peke yake. Alikuwa nao sita. Alfajiri ya pili nilikuta watano wamemnyonya na kulala, na wa sita, jike dogo la rangi ya kijivu, ameviringika hadi pembeni ya banda, hatoi sauti, na nilipomtia kidole mdomoni ulimi wake ulikuwa baridi.

Mwanangu alikimbilia maziwa. Nilimpigia simu daktari wa mifugo tunayemfahamu, naye alinikataza kwa ukali: mtoto wa mbwa aliyepoa hanyweshwi chochote kabla hajapata joto, kwa sababu tumbo lake limesimama, maziwa hayasagiki, na anaweza kupaliwa yakaingia mapafuni. Akasema pia nisimtumbukize katika maji ya moto wala kumsogeza motoni, kwani anayepashwa kwa ghafla anaweza kufa mikononi mwangu. Nikamweka ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, nikakaa naye kwenye kiti cha jikoni zaidi ya saa moja, nikimgeuza kila mara, huku mwanangu akinishikia simu ili nimulike rangi ya ufizi. Ulikuwa mweupe, ukawa wa waridi taratibu. Alipoanza kulia na kutafuta kwa mdomo tulimrudisha kwa mama yake, lakini si bandani. Familia yote ilihamia ndani ya sanduku kubwa jikoni, pamoja na chupa ya soda iliyojazwa maji ya moto kiasi na kuvikwa soksi nzito ya mwanangu, ikiwekwa upande mmoja tu, ili watoto wakiona joto limezidi watambae kwenda upande wa pili. Tuliijaza upya kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa siku tisa. Mke wangu, mtetezi wa lile blanketi, ndiye aliyeshika zamu ya saa tisa usiku. Wote sita waliishi, na yule wa kijivu sasa yuko kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, kule Ruashi, ambako nasikia anafukuza kuku.

Mbwa mkubwa aliyezidiwa na baridi huonyesha dalili mapema ukimtazama: hutetemeka, hunyanyua mguu mmoja mmoja kama anayekanyaga miiba, ncha za masikio huwa baridi, hukataa kutoka kwenye kona. Kinachotisha ni pale anapoacha kutetemeka na kuwa mzito, anayumba, macho hayafuati mkono wako. Hapo mwili umeshindwa kupigana, na ukimpima kwa kipimajoto katika njia ya haja kubwa ukakuta chini ya nyuzi 37, mkaushe kama amelowa, mfunge blanketi kavu, mwekee chupa za maji vuguvugu zilizofungwa kitambaa mbavuni, na umtafute daktari bila kungoja jua lipande.

Kaporali ametimiza miaka kumi na mmoja, na kila alfajiri ya mwezi wa saba huinuka kwa vituo, miguu ya mbele kwanza, kisha pumziko, kisha ya nyuma. Ni ule ugonjwa wa viungo tunaouita baridi yabisi, jina ambalo kwa mbwa wa Lubumbashi limekaa mahali pake kabisa. Simlazimishi kutembea kabla jua halijampata dakika kumi na tano. Pia nimekwisha kumzuia shemeji yangu aliyetaka kumpa nusu ya kidonge chake cha ibuprofeni kwa huruma. Dawa za maumivu za binadamu huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, hata kwa kiasi tunachokiona kidogo, na dawa zinazomfaa anazo daktari wa mifugo.

Mambo mengine ni ya haraka. Mbwa huogeshwa saa tano asubuhi siku ya jua, akakaushwa kwa taulo hadi ngozini, au asiogeshwe kabisa hadi mwezi wa tisa. Mwenye gari au kamyoni apige boneti na kuchungulia chini ya magurudumu kabla ya kuwasha, kwa kuwa injini iliyozimwa jioni ni kitanda kizuri kwa mbwa wa mtaani na hata kwa wa kwako. Na maji ya kijani ya radiata yakimwagika uani yafunikwe kwa mchanga na kuondolewa papo hapo. Yana utamu, mbwa huyapenda, na machache tu yanatosha kuzizima figo zake.

Mwishoni mwa mwezi wa nane upepo hubadilika, mchana unaanza kuunguza, na Kaporali mwenyewe hunipa taarifa kwa kuanza kulala nje ya mlango badala ya ndani. Siku hiyo nyasi zote hutolewa na kuchomwa mbali na banda, kwa kuwa joto linaporudi viroboto huanza kuzaana ndani yake, na kuta husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni kisha kuachwa wazi. Mlango ule ule wa kaskazini sasa unapata jua kupita kiasi, kwa hiyo natundika mkeka juu yake. Mwaka huu nilipokuwa nikikwangua nyasi za chini kabisa nilikuta soksi moja nene ya mwanangu, ile iliyotafutwa nyumba nzima tangu mwezi wa saba, imekanyagwa ikawa bapa na imejaa manyoya ya kijivu. Nilimpelekea. Aliitazama, akaikung'uta, akanirudishia niiweke pamoja na chupa.